Gari la Vita Lililogeuka Gari la Abiria

Leo tunakwenda Ufilipino.

Mwaka 1945 vita viliubomoa mji wa Manila. Treni ndogo za mjini ziliharibika, watu wakakosa usafiri. Jeshi la Marekani lilipopunguza askari wake, Jeep nyingi kuukuu ziliuzwa au kuachwa. Lakini Jeep ilikuwa gari dogo la askari wachache tu.

Mafundi wakaikata nyuma, wakachomelea vyuma kurefusha chasisi, wakaweka mabenchi mawili marefu yanayotazamana na paa la kuzuia jua. Likaitwa jeepney. Spea za jeshi zilipopungua, walitengeneza bodi wenyewe na kufunga injini za dizeli zilizokwisha kutumika Japani. Mwaka 1953 Leonardo Sarao, aliyewahi kuendesha gari la farasi, alianzisha karakana iliyokuja kuvuma nchi nzima.

Ndugu makanika unayetusikiliza hapa kambini, ulipokimbia uliacha gereji na spana. Ufundi ulikuja nao. Mfundishe kijana mmoja. Tukutane juma lijalo.