Bustani Nyuma ya Nyumba: Fleti za Ushirika za Jackson Heights

Jackson Heights, mtaa wa Queens mjini New York, ulijengwa kwa sehemu kubwa kati ya miaka ya 1910 na 1940. Fleti zake zilijengwa kuzunguka bustani, na nyingi ziliuzwa kwa mfumo wa ushirika uliowalenga watu wa kipato cha kati. Madalali hadi leo huzitangaza kuwa ni fleti za "kabla ya vita", yaani Vita vya Pili vya Dunia. Mnunuzi wa New York akisikia hivyo hutarajia kuta nene za lipu, dari zilizo juu, sakafu ya mbao za mwaloni, na vipasha joto vya chuma vinavyogongagonga mvuke unapopanda usiku wa baridi.

Ushirika huu haufanani sana na vyama vya wakulima wa kahawa au pamba. Jengo zima ni mali ya kampuni. Anayetaka kuishi humo hununua hisa za kampuni hiyo, kwa idadi inayopangwa kulingana na ukubwa na mahali ilipo fleti, na hisa hizo humpa haki ya kuikalia kwa mkataba wa muda mrefu. Kwa hiyo huwa mpangaji wa kampuni ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wenyewe. Kila mwezi hutoa ada ya kulipia kodi ya jengo, nishati ya kupasha joto, mishahara ya wafanyakazi na rehani iliyowekwa juu ya jengo lote. Jirani akishindwa kutoa fungu lake, wengine hulijazia, kwani benki inaidai kampuni. Hapo ndipo ilipoanzia kawaida ya wenye hisa kumchunguza kila anayetaka kuingia, na uchunguzi huo haukuishia kwenye mambo ya fedha.

Jackson Heights haikuwa ya kwanza. Mwaka 1881 mjenzi Philip Hubert alishiriki kujenga jumba la Rembrandt katika West 57th Street, Manhattan, lililokusudiwa wasanii na watu wenye nafasi, na miaka michache baadaye akajenga Chelsea, ambalo ushirika wake ulivunjika na likageuzwa hoteli. Mwaka 1916 wahamiaji kutoka Finland waliokaa Sunset Park, Brooklyn, walichanga wakajenga Alku, jengo la ushirika lisilotafuta faida. Ya Hubert yalikuwa ya matajiri, na Alku ilikuwa ya mafundi na vibarua. Tabaka la katikati lilikuwa bado halijapata lake.

Nafasi hiyo ilionwa na Edward MacDougall na kampuni yake, Queensboro Corporation. Mwaka 1909, mwaka uleule daraja la Queensboro kati ya Manhattan na Queens lilipofunguliwa, kampuni ilinunua zaidi ya ekari 300 za mashamba upande wa Queens. Kwa miaka kadhaa mauzo yalikuwa ya kusuasua, maana mtu wa Manhattan hangehamia shambani bila usafiri. Treni ya reli ya juu ilipofika mwaka 1917, kazi ikashika kasi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nyumba zikaadimika mjini, kodi zikapanda, na mwaka 1920 jimbo likapitisha sheria za dharura za kuwabana wenye nyumba. Kuuza fleti kukawa na nafuu kuliko kuzipangisha, na kampuni ikaanza kuwageuza wapangaji wake kuwa wenye hisa.

Uzuri wa mtaa huu uko kwenye ramani yake. Katika nyumba za wapangaji maskini wa Manhattan, jengo lilijaza karibu kiwanja chote, na vyumba vya katikati vilikosa mwanga na hewa. Hapa majengo yalipangwa pembezoni mwa kitalu, yakitazama barabara mbili, na katikati ikaachwa bustani moja ndefu yenye miti na njia za kutembea, ya wote na isiyo na uzio wa kugawa. Fleti nyingi zina madirisha pande mbili, upepo ukaingia barabarani na kutokea bustanini. Mchoraji George Wells alichora Greystone, iliyokamilika mwaka 1918. Andrew Thomas akafuata na Linden Court, iliyowekewa gereji wakati magari bado yalikuwa ya wachache, kisha Chateau yenye mapaa ya mwinuko ya Kifaransa, na Towers, iliyoiga majumba ya Italia.

Tarehe 28 Agosti 1922, msemaji wa kampuni aliongea kwa takriban dakika 10 katika redio ya WEAF. Alianza kwa kumtaja mwandishi Nathaniel Hawthorne, aliyefariki miaka 58 kabla yake, kisha akateremka taratibu hadi kwenye Hawthorne Court, jengo lililopewa jina la mwandishi huyo, na kuwaasa wasikilizaji waondoke kwenye msongamano wa mji. Muda ule ulilipiwa, na ndiyo sababu hotuba hiyo huhesabiwa kuwa tangazo la kwanza la biashara redioni.

Jambo ambalo halikuhitaji kutangazwa ni kwamba Wayahudi na watu weusi hawakuuziwa. Bustani na ubaguzi viliuzwa pamoja: mnunuzi aliahidiwa hewa safi na, kwa sauti ya chini kidogo, majirani wa aina yake. Wayahudi walianza kupokewa miaka ya 1940, na weusi walingoja zaidi. Linalostaajabisha ni kwamba Andrew Thomas yuleyule ndiye aliyechora Dunbar Apartments za Harlem, fleti 511 za ushirika zilizozunguka bustani, zilizogharimiwa na John D. Rockefeller Mdogo kwa ajili ya wanunuzi weusi na kukamilika mwaka 1928. W. E. B. Du Bois na Paul Robeson waliishi huko.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwapiga wote. Dunbar ilishindwa na madeni, na Rockefeller akaichukua mwaka 1936. Katika Jackson Heights, hisa zilishuka thamani, kampuni ikarudi kujenga nyumba za kupangisha, na viwanja vya gofu na tenisi vilivyokuwa chambo cha wanunuzi vikajazwa majengo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia upepo ulibadilika. Sheria ya kodi ya mwaka 1942 ilikuwa imewapa wenye hisa unafuu uleule wa mwenye nyumba ya kawaida, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliwafungulia mlango wageni wa Asia na Amerika ya Kusini. Wahindi walifungua maduka ya sari na dhahabu katika 74th Street, Wakolombia wakajaza Roosevelt Avenue, na watu ambao MacDougall asingewauzia wakawa wenyeji. Miaka ya 1980 majengo mengi ya kupangisha yaligeuzwa ya ushirika, na mwaka 1993 jiji lilitangaza sehemu kubwa ya mtaa kuwa eneo la kihistoria. Tangu hapo, mwenye fleti anayetaka kubadili madirisha yanayoonekana barabarani huomba kibali kwanza. Jikoni kwake hufanya atakavyo.

Usaili wa wanaotaka kuingia, unaofanywa na bodi ya wenye hisa, haukufutwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi na dini katika uuzaji wa nyumba, lakini kwa miongo mingi bodi za New York ziliweza kumkataa mwombaji bila kumweleza sababu. Mwombaji hupeleka taarifa za benki, hesabu za kodi na barua za watu wanaomfahamu, kisha huketi mbele ya watu ambao huenda kesho wakakutana naye kwenye lifti. Bustani nazo bado zina milango yenye kufuli, na asiye mkazi huziona zaidi siku ya mwezi Juni ambayo jumuiya ya mtaa huandaa matembezi na baadhi ya majengo hufungua milango.