Vilima vya Mchanga vya Shela

Vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, vimejengwa na upepo wa kusi, unaopeperusha mchanga mkavu wa ufuo na kuurundika bara kidogo. Nyasi na mimea itambaayo huushika usihame.

Mnamo 1812 hivi, jeshi la kisiwa cha Pate na washirika wao, Wamazrui wa Mombasa, lilishuka hapa kuishambulia Lamu. Lilishindwa vibaya. Masimulizi ya Waamu yanasema waliokimbilia majahazi walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama, wakauawa ufuoni. Pigano hilo la ufuo mmoja liligeuza historia ya pwani nzima: Lamu ilimwomba Seyyid Said wa Oman ulinzi, na kufikia 1837 Wamazrui walikuwa wameipoteza Mombasa yenyewe.

Chini ya vilima, maji ya mvua huchujika na kutulia juu ya maji ya chumvi. Visima vya hapo huunywesha mji wa Lamu. Msafiri anayetoka Mombasa kuja kuviona vilima hivi hupitia Kisauni, Kilifi na Malindi hadi Mokowe, kisha huvuka kwa boti. Akipanda vilima, afuate njia zilizokwisha kukanyagwa wala asing'oe mmea: mimea ikitoweka, mchanga huhama, na visima huwa hatarini.