Kazi ya Beki

Kwetu bonde la Kilombero kuna kazi moja ambayo karibu kila mtoto wa mkulima ameifanya, nayo ni kuamia ndege. Mpunga unapoanza kuweka punje, mtoto huamka kabla ya jua, akapanda dunguni na kombeo lake na debe bovu, akashinda huko akipiga kelele mpaka giza liingie. Jioni anaporudi nyumbani, hakuna anayemwuliza amefukuza ndege wangapi. Anaulizwa masuke yaliyoliwa. Yakiwa machache, anapewa ugali wake kama siku zote. Yakiwa mengi, hapo ndipo jina lake linapotajwa.

Nimeanza na dungu kwa sababu nataka kuzungumza juu ya mchezaji mmoja wa mpira, na mimi sikuielewa kazi yake mpaka nilipoilinganisha na ile. Mchezaji huyo ni Leodegar Tenga, aliyekuwa mlinzi wa kati wa Pan African na wa timu yetu ya taifa.

Mimi na mdogo wangu sote tulicheza mpira hapa Ifakara. Yeye alikuwa mshambuliaji, mwepesi kama swala, na wasichana walilijua jina lake. Mimi nilikuwa beki. Timu yetu iliposhinda, alibebwa juu mabegani. Iliposhindwa, watu walinitazama mimi. Sikuwa na wivu mkubwa, lakini nitasema uongo nikidai kwamba sikuwa nao kabisa.

Mwezi wa Agosti 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola kurudiana na Zambia. Hapa Ifakara mchezo ule ulikuwa na ladha ya pekee, maana reli ya TAZARA inapita kwetu, na treni zilizosimama katika kituo chetu ndizo hizo zilizoendelea hadi Kapiri Mposhi, huko huko Zambia. Mzambia kwetu hakuwa mtu wa mbali. Stars ilikuwa imeshinda Dar es Salaam kwa bao 1-0. Ndola wenyeji wakatangulia kufunga, hesabu ikawa sawa. Ndipo Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho, ikawa 1-1, na Tanzania ikapata nafasi ya kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Kila Mtanzania wa rika langu analijua bao la Tino. Ni haki yake, wala simpunguzii. Lakini hebu jiulize, msomaji: bao lile moja lingefaa nini kama Zambia wangefunga la pili? Katika michezo miwili, dakika 180, Wazambia waliokuwa na washambuliaji hodari walipata bao moja tu. Mabao mengine, yale ambayo hayakufungwa, hayana mwenyewe. Hakuna anayeyasimulia.

Machi 1980 timu ikacheza Lagos. Ilifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Nigeria ndiyo iliyochukua kombe mwaka ule. Juma Mkambi alifunga bao letu dhidi ya Nigeria, na Thuwein Ally akafunga yale mawili mengine. Sisi hapa tulikuwa tukisubiri habari za michezo za Redio Tanzania, tumeizunguka redio moja ya betri. Baada ya mchezo wa kwanza, mzee mmoja alisema kwa hasira kwamba mabeki wetu ni mlango wa zizi lisilo na komeo. Nilinyamaza. Majina ya Tenga, Jella Mtagwa na Ahmed Amasha tulikuwa tukiyatamka kwa heshima mwezi mmoja kabla, na sasa yamegeuka lawama. Nikasema moyoni: masuke yaliyoliwa yamehesabiwa.

Baada ya hapo Tanzania haikurudi katika fainali zile hadi mwaka 2019. Miaka 39! Ndiyo maana safari ya Lagos imekuwa kubwa zaidi kila mwaka uliopita.

Wachezaji wengi, wanapotundika viatu, hubaki na masimulizi. Tenga, mtu aliyesomea uhandisi, alirudi uwanjani kwa mlango mwingine. Desemba 2004 alichaguliwa kuongoza shirikisho la mpira wa miguu la nchi hii. Chama cha mpira kilikuwa kimechoka kwa migogoro. Viongozi waligombana hata mashabiki wakazoea kusikia habari za ofisi kuliko habari za uwanja. Mtu aliyekuwa beki akaanza kazi ya beki: kuzuia. Kutuliza ugomvi, kusimamia taratibu, kurudisha imani ya wafadhili na ya serikali. Kuanzia Desemba 2007 akaongoza pia CECAFA.

Matunda yalionekana kidogo kidogo. Mwaka 2009 Tanzania ilicheza fainali za kwanza za CHAN huko Ivory Coast, ikawafunga wenyeji 1-0. Mwaka 2010 Kilimanjaro Stars ilitwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam kwa bao la penalti la Shadrack Nsajigwa. Nilicheka peke yangu siku ile, kwa sababu Nsajigwa naye alikuwa mlinzi. Mwaka 2013 Tenga hakugombea tena, akakabidhi ofisi. Katika nchi zetu, kuondoka kwenye kiti bila kusukumwa ni ustadi unaostahili kusifiwa kama bao.

Sasa nirudi kwetu. Mdogo wangu aliondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta timu. Timu kubwa hakuipata, lakini alipata kazi nzuri, akajenga. Mimi nilibaki na wazazi na shamba. Baba alipofariki, mdogo wangu alikuja na gari, akanunua mchele na ng'ombe wa msiba, na watu wakasema, "Mzee ameacha mwana." Nilikuwa nimesimama pale pale, ninakata kuni. Nakiri kwamba neno lile liliniuma kuliko msiba wenyewe.

Siku ya tatu aliniomba nimpeleke shambani. Bonde hili limebadilika sana: watu wamekuja kutoka kila upande, mifugo imeingia, na ardhi imekuwa ya kugombewa hatua kwa hatua. Majirani kadhaa wamepoteza mashamba yao huku wakitazama. Tulitembea juu ya majaruba hadi kwenye mwembe ambao baba aliupanda kuwa alama. Akasimama, akatazama huku na huku.

"Kaka, mpaka ni ule ule?"

"Ni ule ule."

"Hakuna hata kipande kilichokwenda?"

"Hakuna."

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, kama tulivyoshikana mikono zamani tukitoka uwanjani, na tukarudi nyumbani hivyo hivyo.

Siku hizi vijana wa hapa wakicheza jioni, mimi huketi nyuma ya lango badala ya katikati, ili niwaone mabeki kwa karibu. Kijana anapouondoa mpira miguuni mwa mshambuliaji na kuupeleka pembeni, uwanja mzima hukaa kimya, maana hakuna kilichotokea. Mimi hupiga makofi. Vijana huniona mzee wa ajabu, lakini nimeona kwamba beki mwenyewe hugeuka kunitazama.