Chokaa katika Mishipa ya Damu

Wasomaji wetu wa Masisi wanajua vema maziwa na jibini, ile ambayo sokoni Goma kila mtu huiita fromage. Wale wa Walikale, huko msituni, wanajua zaidi mawese, muhogo na samaki. Pande zote mbili twasikia neno moja: mzee akiambiwa na daktari kwamba mishipa yake imeshika chokaa, mara jirani humshauri aache maziwa, kwa kuwa maziwa yana chokaa. Shauri hilo lina sura ya akili, lakini halimsaidii. Mzee anaacha chakula chema, na ugonjwa unabaki palepale. Yafaa basi tueleze chokaa hiyo hutoka wapi, na jinsi waganga wenyewe walivyokawia kufahamu.

Ugonjwa huu si wa leo. Mwaka 1911 daktari Marc Armand Ruffer, aliyefanya kazi Misri, alitoa habari za maiti zilizokaushwa tangu zamani za Mafarao. Katika mishipa ya baadhi yao alikuta chokaa ngumu, kama ile ya wagonjwa wa siku zake. Na watu wale hawakuijua tumbaku.

Mwroma mmoja jina lake Celsus, katika karne ya kwanza, aliandika alama nne za uvimbe: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Kila aliyechomwa na mwiba shambani anazijua. Damu hukimbilia mahali pale, na chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, huja kula vijidudu na uchafu. Uvimbe huo ni msaada. Ubaya huanza usipokwisha.

Katika miaka ya 1850 Mjerumani Rudolf Virchow alisema kwamba hata ndani ya ukuta wa mshipa kuna uvimbe wa namna hiyo, ijapokuwa hauonekani kwa nje, na kwamba chokaa ni mwisho wake. Tena alisema mahali pengine hutokea mfupa wa kweli. Rokitansky wa Vienna hakukubali. Yeye aliona uchafu ule hutoka katika damu yenyewe na kugandama ukutani. Halafu mwaka 1913 Anitschkow, huko Urusi, akawalisha sungura kolesteroli, yaani namna ya mafuta, na mishipa yao ikaharibika. Tangu hapo mafuta yakabeba lawama yote, na maneno ya Virchow yakawekwa kando muda mrefu.

Sasa tutazame kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1960 daktari Davies wa Kampala na wenzake wa Marekani walilinganisha maiti 632 za Uganda na 632 za mji wa St. Louis, wenye umri uleule. Katika zile za St. Louis, mioyo 136 ilikuwa imeharibika kwa kukosa damu. Katika zile za Uganda, mmoja tu. Lakini Uganda ya siku zile haikukosa malaria, minyoo wala kifua kikuu! Uvimbe ulikuwapo tele. Mwaka 2017 ilitangazwa habari kama hiyo ya Watsimane, watu wa msituni huko Bolivia: kati ya watu 705 waliopigwa picha ya moyo, 596 hawakuwa na chokaa kabisa, ingawa damu ya nusu yao ilionyesha uvimbe. Kolesteroli yao ilikuwa kidogo. Sisi twaona jambo hili lakaziwa kidogo mno: uvimbe ni moto, nao moto wataka kuni. Kuni za mishipa ni kolesteroli nyingi, msukumo mkubwa wa damu, tumbaku, na ugonjwa wa sukari.

Kazi yenyewe huendelea hivi. Kolesteroli hupenya ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe huja kuila, hushiba kupita kiasi, hufa humo humo, na mizoga yao huwaita wenzao. Kwa kuudhiwa hivyo miaka mingi, chembe za ukuta ambazo kazi yao ni kuukaza mshipa hubadili tabia na kuanza kufanya kazi ya chembe za mfupa. Mwaka 1993 Linda Demer na wenzake, huko Los Angeles, walikuta ndani ya mishipa migonjwa protini ileile inayoamuru mfupa kujengwa. Hivyo Virchow hakukosea sana. Waliowahi kuugua kifua kikuu wataelewa upesi: mwili ukishindwa kuvimaliza vijidudu huvizungushia ukuta, na baadaye picha ya mapafu huonyesha doa jeupe la chokaa. Chokaa ya mshipa nayo ni kovu. Hata hivyo punje ndogo za mwanzo zaogopwa kuliko bamba gumu, maana moto ungali unawaka kando yake, na hapo ndipo mshipa hupasuka.

Na maziwa? Mwili hupima wenyewe chokaa iliyo katika damu, na akiba yake huiweka mifupani. Uchunguzi mmoja wa Marekani, uliotolewa mwaka 2016, uliona kwamba waliokula chokaa nyingi katika chakula hawakupata ile ya mishipa kuliko wengine; walipungukiwa nayo. Walioimeza kwa vidonge ndio walioongezeka.

Ushahidi mkubwa wa uvimbe ulikuja mwaka 2017. Wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000 walijaribiwa dawa ya sindano, kanakinumabu, inayozima uvimbe bila kugusa kolesteroli. Mashambulio ya moyo na ya ubongo yalipungua kadiri ya sehemu 15 katika mia. Lakini waliokufa kwa maambukizo waliongezeka kidogo, kwa sababu dawa izimayo moto huwalaza na askari. Kwa nchi ya malaria kama Walikale neno hilo si dogo. Mwaka 2019 waganga wa Montreal walionyesha kwamba kolchisini, dawa ya kale ya jongo, nayo hupunguza mashambulio hayo. Bei yake si kubwa, ila kipimo kikizidi ni sumu. Na ile chokaa iliyokwisha kushika, mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuiyeyusha.