Nani Alimlipa Siti?

Siku hizi ukitaja fedha za uandishi wa habari za uchunguzi, hasa uchunguzi wa mambo ya wanawake, watu hufikiria mara moja wafadhili, warsha za hotelini na fomu za kuomba ruzuku. Kana kwamba jambo lenyewe lilizaliwa na miradi. Mimi nadhani ni la zamani zaidi, na tukitaka kulielewa inabidi twende Unguja, kwa Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, akakua akitembeza vyungu vya mama yake kuviuza. Baadaye akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wengi tunamjua kwa njia hiyo. Lakini kuna upande wake mmoja ambao hatuuzungumzii sana. Siti alikuwa anatoa habari.

Chukua wimbo wake wa Kijiti. Unasimulia mkasa wa mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea, akauawa. Muuaji akavuka maji, akapotea. Waliofikishwa mbele ya hakimu wakaadhibiwa ni wanawake wawili waliokuwa wenyeji wake, kwa mambo ya pombe. Hebu tazama kilichomo humo: tukio, mtuhumiwa, mashahidi, na mahakama iliyowageuka mashahidi. Mhariri yeyote wa leo angesema hii ni stori.

Sasa, nani alimlipa? Walimlipa waliomwalika kwenye karamu zao, na walimlipa wanunuzi wa santuri kupitia kampuni iliyotaka faida. Hapakuwa na mfadhili wa kumwambia aimbe nini kuhusu haki za wanawake. Huo ulikuwa uhuru wake. Ila soko nalo lina mipaka yake: humlipa mtu kwa kazi iliyokwisha. Halimlipi kwa miezi mitatu ya kuzunguka mahakamani akitafuta jalada.

Si ajabu basi kwamba waandishi wanawake wa Tanzania, akiwamo Fatma Alloo, walipoanzisha chama chao cha TAMWA mwaka 1987, jarida lao lililofuata mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti. Wakati huo magazeti makubwa yalikuwa ya serikali na ya chama. Mwanamke alipata nafasi mle, lakini mara nyingi ilikuwa nafasi ya mapishi na malezi. Kupigwa, kubakwa na kunyang'anywa mirathi yalihesabiwa kuwa mambo ya nyumbani.

Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wenzake wa kiume. TAMWA hawakukubali jambo hilo lipite kama msiba wa familia moja. Waliandika, wakapiga kelele, wakaendelea kwa miaka. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoongeza adhabu ya ubakaji na kupiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Sheria haitungwi na magazeti peke yake, najua. Lakini kazi ya miaka minane inahitaji kodi ya ofisi, nauli, karatasi na mishahara. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa wahisani wa nje, kwa sababu hapa ndani hapakuwa na aliyekuwa tayari kuzitoa.

Mwaka 2008 ukaja mfuko wa TMF, uliotoa ruzuku kwa waandishi na vyombo vya habari ili wafanye habari za uchunguzi. Fedha hizi, nazo za wahisani, zilimwezesha mwandishi kufika kijijini na kukaa. Ukitaka kujua maana ya "kukaa", zungumza na mwandishi wa wilayani anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa. Ndoa ya binti wa miaka 15 huwezi kuichunguza kwa siku moja. Mama anaogopa, mwenyekiti anakukwepa, cheti cha kuzaliwa hakionekani. Ukienda kwenye semina ya mkuu fulani, unarudi na posho na habari yako inatoka kesho. Njaa ndiyo inayochagua habari hapo, na wala haihitaji kumtisha mtu.

Lakini ruzuku nayo ina kamba. Ina tarehe ya mwisho, ina maneno yake, ina mada inayopendwa mwaka huu na kusahauliwa mwaka ujao. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vyombo vya habari katika nchi nyingi vilijikuta havina mishahara. Uamuzi ulifanyika Washington, mbali kabisa na yule binti.

Wapo wanaosema basi tuziache fedha za wageni. Mimi siko huko. Bila fedha hizo mengi yangebaki nyuma ya milango, na anayezikataa aseme atatoa nini badala yake. Ninachodai ni kidogo: kila chumba cha habari kiwe na fungu lake, hata la kulipia safari mbili kwa mwaka, ambalo halitoki kwa mfadhili wala kwa mkuu wa wilaya. Na sisi wasomaji tuache kutaka kila kitu bure. Watu wa enzi za Siti, wengi wao maskini kuliko sisi, walitoa fedha zao kununua santuri.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hiyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Kufuatilia kilichotokea baada ya hapo, wilaya kwa wilaya, ni kazi ya mwandishi mwenye muda. Muda huo una bei, na lazima mtu ailipe.