Jina Kwenye Ukingo wa Nishani

Vita Kuu ya Kwanza iliikumba Newala, kusini mwa Tanzania, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1916 Wareno walitoka Msumbiji, wakavuka mto Ruvuma na kuiteka. Novemba ya mwaka huohuo Wajerumani wakawazingira, na Wareno wakarudi Msumbiji mbio, wakiacha mizinga yao nyuma.

Mwaka uliofuata mambo yakawa makubwa zaidi. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Mahiwa, kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi, iligeuka machinjio: upande wa Waingereza, waliouawa na kujeruhiwa walifika kama 2,700. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma hadi uwanda wa Makonde, akawaacha wagonjwa na majeruhi, akapita Newala na kuvuka Ruvuma tarehe 25 Novemba. Siku chache kabla, meli ya angani ya Wajerumani, L59, ilikuwa imeondoka Bulgaria na shehena ya risasi na dawa, ikitarajiwa kutua kwenye uwanda huu. Iligeuzwa ikiwa juu ya Sudan. Tarehe 28 kikosi cha Kapteni Tafel, kilichokuwa kikimfuata Lettow, kikasalimu amri.

Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanavisaka vitu vya vita hivyo: vifungo vya sare, beji za kofia, hata sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916. Mimi naona kilicho bora kuliko vyote ni nishani ya fedha ya Uingereza ya 1914 hadi 1918. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili mtu aliyepanda farasi. Utepe wake ni wa rangi ya chungwa katikati na buluu pembeni. Igeuze uutazame ukingo: pamegongwa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipewa yenye jina lake. Nyota za Vita ya Pili, hata ile ya Burma waliyoipata wengi wa Afrika Mashariki, Uingereza ilizitoa bila jina.

Wapagazi ndio waliodhulumiwa zaidi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na ni wachache mno walioziachia familia zao hata kipande cha chuma chenye jina.

Wala sheria haitoshi kukilinda kipande hicho: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Nishani ya 1918 haimo, mpaka Waziri aitangaze.

Basi ndugu msomaji wa Masasi au Newala, kama kuna nishani kwenye sanduku la babu, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Soma ukingo kwenye mwanga mzuri, nakili namba na jina, ipige picha, kisha waulize wazee walio hai mwenye jina hilo alikuwa nani.