Ajali Haina Kinga, Lakini Uzembe Una Mwenyewe

Lori la jeshi au la polisi likimgonga mpita njia, jambo la kwanza ni kumwokoa. Kisha huja swali linaloulizwa kwa minong'ono: nani atalipa? Jibu lake lina historia, na yafaa kila avaaye sare aijue.

Zamani, wazee wetu Bashingantahe waliziketisha pande zote mbili, wakasikiliza mashahidi, wakatafuta suluhu ya kurudisha amani. Sheria ya maandishi ilitujia kwa njia ya Kongo. Tarehe 30 Julai 1888, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilitoa amri iliyofuata nyayo za sheria ya Ufaransa ya 1804. Baadaye Wabelgiji waliitumia pia katika Ruanda-Urundi. Kifungu cha 258 chasema kwamba amdhuruye mwenziwe kwa kosa lake hana budi kumfidia. Cha 259 chaongeza uzembe na kutojihadhari. Cha 260 chambana mwajiri kwa madhara ya mtumishi wake akiwa kazini.

Je, Serikali nayo ni mwajiri? Mwaka 1871, mjini Bordeaux, gari la kusukumwa la kiwanda cha tumbako cha Serikali lilimjeruhi mtoto. Mwaka 1873 mahakama ya Ufaransa iliamua kwamba Serikali yaweza kuwajibika, lakini kwa kanuni zake yenyewe. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi. Mti wa manispaa ya Bruges ulianguka ukaharibu mali ya kampuni ya La Flandria. Na tarehe 5 Novemba 1920 mahakama ya juu kabisa ikatamka kwamba Serikali, kama raia yeyote, hulipa madhara ya kosa lake.

Amri ile ya 1888 haikukoma tulipopata Uhuru tarehe 1 Julai 1962. Lakini asidhani dereva kwamba mwajiri akilipa, yeye amesalimika. Kifungu cha 258 chamhusu yeye binafsi, na sheria ya jinai humngoja auaye au ajeruhiye kwa uzembe. Tena, fidia ya Serikali hutoka katika hazina ya umma, yaani jasho la mkulima wa kahawa. Na hakuna hazina iwezayo kurudisha mguu uliokatwa.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini mwendo wa kasi, ulevi na breki zisizokaguliwa si ajali. Hayo yana mwenyewe, na sare haimfichi.